Nilisema ni ya Mbwa

Kakuma, Alhamisi, saa tisa alasiri. 1998.

Upepo wa leo hautaki mtu atulie. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, nikainuka, nikaenda hadi kwenye tangi la maji, nikarudi. Vumbi limeingia mpaka kwenye kurasa za daftari hili. Nesi wa zamu ameniuliza mara mbili kama natafuta choo.

Sitafuti choo. Sijui natafuta nini.

Nilitoka Lodwar jana, baada ya kupata habari kwamba dada yangu Akai amepasuliwa tumbo. Njiani sikuwa na wasiwasi mkubwa. Matumbo ndiyo kazi yangu. Huu mwaka wa tisa nazunguka na mashine ya kupiga picha za ndani ya tumbo, kutoka Lokiriama hadi Kalokol, nikitafuta ule uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa. Kwetu mbwa analamba mtoto, analamba sufuria, na miaka mingi baadaye tumbo la mtu linafura. Nimelihubiri jambo hilo hadi kuna maboma wananiita Mama Mbwa, na mimi nacheka nao.

Kwa hiyo Akai alipoanza kufura mwaka jana sikuhangaika. Nilimwekea mashine, nikaona maji, nikasema ni ya mbwa. Nikampa vidonge. Kila mwezi nilimpelekea vingine, na tumbo lilipokataa kupungua nilimwambia awe na subira, dawa hii ni ya polepole. Tulienda hivyo karibu mwaka mzima.

Daktari aliyempasua ni Mkongo, mtu mpole. Leo asubuhi alinivuta kando.

"Mama, hii haiko ya imbwa," akasema. "Iko kansa. Imeanzia ku ovari."

Kisha akataka kujua mama yetu alikufa na nini. Nikamwambia tumbo. Na dada yake mama? Tumbo. Wote wawili tuliwazika tukilaumu mbwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kulaumu.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayejua anachobomoa. Kuna kasoro ambayo mtu huzaliwa nayo kwenye jeni, kutoka kwa mama au kwa baba, na mwanamke aliye nayo yuko hatarini zaidi kupata kansa hii. Nikadhani amemaliza. Kumbe bado. Amesoma kwamba madaktari wengine wameona wanawake wenye kasoro hiyo, wakishaugua, huishi muda mrefu kuliko wagonjwa wenzao, labda kwa sababu dawa za kansa zinawakubali vizuri zaidi. Wengine wanapinga. Alinisihi nisije nikamshika shati baadaye, nikimdai hilo kama ahadi. Anataka damu ya Akai na yangu aipeleke kwa rafiki yake ng'ambo, ndani ya barafu, kwa ndege ya Lokichoggio. Majibu yatachukua miezi, kama yatakuja.

Tangu hapo sijaweza kukaa.

Kama Akai anayo, huenda akapata miaka zaidi. Lakini kama anayo, ameirithi kwa wazazi walionizaa na mimi, kwa hiyo nami huenda ninayo. Na binti yangu Nakiru, aliye darasa la sita, huenda nimempa.

Asubuhi nzima nimekuwa nikitamani dada yangu awe na kasoro.

Nimeandika hivyo makusudi, ili nijisome.

Saa saba nilienda kitandani kwake nikamwambia ukweli wote, kwa Kiturkana, bila kuzunguka. Kwamba nilikosea. Kwamba mashine ilionyesha zaidi ya maji, na mimi niliona kile nilichozoea kuona. Akai ana ulimi mkali tangu utotoni. Nilingoja matusi, na kusema kweli niliyataka.

"Nilijua si ya mbwa," akasema. "Tangu mama afe, umewahi kuona mbwa kwangu?"

Nikamuuliza mbona basi alimeza vidonge mwaka mzima.

"Vilikuwa vinakuleta. Zamani ulikuwa unapita na gari la kazi, unanipungia mkono tu."

Nilinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. Nilitaka kulia, lakini nikaona nikilia yeye ndiye atakayenibembeleza, na hata hilo sikulistahili.

Nilipoanza kumweleza habari za damu hakuningoja nimalize. Alitoa mkono nje ya shuka. Alisema wachukue, damu yenyewe imebaki kidogo lakini wachukue.

Yake imeshatolewa. Yangu itatolewa saa kumi, kabla gari la kwenda Lokichoggio halijaondoka. Wiki ijayo Akai atapelekwa Nairobi kuanza dawa, na nitaenda naye. Kazini waseme wanachotaka.

Nimejaribu kusali hapa kwenye benchi. Kwa Akai nimeomba awe nayo, na dawa zimkubali. Kwa Nakiru nimeomba asiwe nayo, nimeomba hadi midomo ikakauka, bila kujali kwamba sala hizi mbili zinavutana. Kisha nikafika kwangu mimi.

Kwangu mimi sijaomba kitu. Naona haya.