Cherehani Inayotazama Mlango

Wifi yangu wa moyo,

Huku hatujambo. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila kitu.

Kazi nimepata kwa mama mmoja mshonaji. Juzi alinigeuzia cherehani nielekee dirishani nipate mwanga, nikawa nimeupa mlango mgongo. Kila mteja akiingia nashtuka, mshono unapinda. Mwishowe nikaziba kabisa mkono wa gauni la mtu.

"Sasa huyu atapitishia wapi mkono?" mama akauliza. Tukacheka, mimi nikaishia kulia. Mama akainuka. Aliirudisha cherehani ikatazama mlango.

Wifi, najua wewe na kaka yako mmetoka tumbo moja, na bado ulinifungulia mlango wa nyuma nikakimbia. Lakini mbona barua yako ya mwisho imeuliza mara mbili ninakaa mtaa gani? Na mbona imeniita Kipusa? Kaka yako tu ndiye huniita hivyo.

Hii atakuletea shangazi yangu, mkononi. Kama kaka yako alikusimamia ukiandika ile, usinijibu. Toka kwa mlango uleule, umfuate shangazi.

Wifi yako,
Mama Meno Mawili