Sura Uliyokataa Kusomewa

Wifi yangu Nyangeta,

Usinicheke kwanza. Najua ungecheka kuniona nimeshika kalamu na daftari kama mtoto wa darasa la tatu, nakuandikia wewe ambaye nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu. Siku zile nikiwa na neno nilipaza sauti, nawe ukaitika kabla sijamaliza. Sasa ni miezi saba. Nimeshakuita mara mbili kwa kusahau, na mara zote mbili kaka yako amejifanya hajasikia.

Nikupe habari. Mama yenu amehamia Butiama kwa mdogo wake, anasema Mugango pamekuwa kimya. Hapa mwaloni kando ya ziwa dagaa wanaanikwa kama kawaida, ila mimi siku hizi naanika upande wa mawe. Pale petu siwezi, wifi. Nimejaribu. Na kile kitabu ninacho mimi.

Siku ya kugawa vitu vyako wazee waliniuliza nachukua nini. Shangazi alinikonyeza nichukue kile kitenge cha zambarau. Nikasema nataka kitabu. Wakadhani ni Biblia, wakanisifu sana. Nilipotoa kile cha jalada la njano kinachonuka dagaa, wakatazamana, wakaona msiba umenichanganya.

Wangejuaje? Wewe ndiye uliyekiokota mnadani Bunda, katikati ya mitumba, ukurasa wenye jina la mwandishi umeshachanika. Ukaniambia, "Wifi, huyu mtu anatufahamu." Tukaweka sheria: sura moja kila tukianika, wewe unasoma, mimi nageuza dagaa, na hakuna kuchungulia mbele. Shuleni nilisoma ili nisichapwe. Kwako ndiko nilikojua kwamba mtu anaweza kusomewa mpaka mbavu zikamuuma kwa kucheka, halafu akarudi nyumbani akamsalimia mumewe vizuri bila sababu yoyote.

Unakumbuka ile sura ya hasira? Kwamba mtu akikuudhi uoshe vyombo kwanza, na ukimaliza kama bado umekasirika, nenda kagombane, una haki. Tangu siku hiyo nikija kwako nimevimba hukuuliza kulikoni. Uliuliza tu, "Umeosha vyombo?" Nami nacheka kabla sijasema kosa la kaka yako. Na siku ya sura ya mgeni asiyejua kuaga tulisahau kazi kabisa. Tulipoinua macho, yangeyange na bata wa jirani walikuwa wameshamaliza nusu ya dagaa wetu. Mama alitusema wiki nzima. Wewe ukasema angalau bata wamesikia neno jema.

Halafu ukaugua. Kule hospitali Musoma nilikuja nacho kila jioni pamoja na chai yako, tukasoma mpaka ikabaki sura moja. Nikafungua niisome. Ukaweka kiganja juu ya ukurasa. "Hiyo tuiache, wifi. Tutaisomea mwaloni nikitoka." Na mimi mjinga nikafurahi. Nikajiambia mtu anayejiwekea akiba ya kucheka hawezi kufa. Nikakifunga. Siku tatu baadaye ukaondoka.

Tangu hapo natembea nacho kwenye pochi, kanisani, sokoni, kila mahali, lakini sikukifungua. Niliogopa. Niliona nikiisoma ile sura nitakuwa nimekubali kwamba hutoki.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Butiama kumsalimia Mama. Tulikuwa uani tunachambua mchicha. Akasema bila kunitazama, "Kile kitabu mlikuwaga mnachekea na Nyangeta, kiliishaje?" Wifi, kumbe alikuwa anasikiliza! Muda wote ule wa kutufokea, akijifanya anachagua dagaa nyuma yetu, hakupitwa na sura hata moja ya pale mwaloni. Akaongeza, "Ila alikuwaga anasoma mbio mno huyo, zingine sikushika vizuri." Ningefanya nini? Nikakitoa. Nikautafuta ule ukurasa, nikaupata, nikasoma.

Inahusu kuazima sufuria. Basi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazito ya kufungia kitabu, kumbe mtu wetu anasema sufuria la jirani lisikae kwako mpaka likaanza kukuita mama. Mama akaacha mchicha. Alicheka, Nyangeta, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kwa sababu lile sufuria kubwa tuliloazima kwa jirani kwenye msiba wako alilifunga na mizigo yake kwa bahati mbaya wakati wa kuhama, na huko Butiama ndilo wanalopikia makande kila wiki. Nami nikacheka naye. Nikageuka kukutazama unavyocheka.

Hukuwepo. Nililia kuliko siku ya mazishi. Mama hakunibembeleza, alinisogezea tu kiti karibu na chake.

Nilitaka tu ujue kwamba nimeisoma bila wewe. Nisamehe. Jumamosi hii narudi Butiama na sufuria la watu litarudi nami. Mama anataka tuanze tena toka sura ya kwanza, na nimemwahidi nitasoma polepole. Wewe nakuahidi jingine: raha ya mtu ninayempenda sitaiweka tena akiba ya kesho. Nitampa siku hiyo hiyo, hata kama anakataa, hata kama ameweka kiganja.

Pumzika, wifi yangu. Nimekukumbuka mno, mno. Ile sura ina kurasa tatu, Nyangeta. Tatu tu. Ningekusomea jioni ile yote mpaka mwisho, na chai yako ingekuwa bado ya moto.

Wifi yako,
Neema