Duara Jekundu kwenye Kalenda ya Jikoni

Mama, leo umetimia mwaka mzima tangu uanguke pale mlangoni, mkono mmoja ukiwa umeshaingia kwenye sweta na mwingine bado. Ulikuwa unawahi kazini. Tulikuita, hukuitika.

Wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu walikufahamu kwa jina la Mama Panya, nawe hukuwahi kuudhika. Miaka ishirini na sita ulitunza wanyama wa maabara ya macho, kwenye chumba kisicho na dirisha, ukiwalisha panya kwa kupapasa kwa sababu hawakutakiwa kuona mwanga hata kidogo. Nyumbani nako ulizoea kuchemsha chai bila kuwasha taa. Baba akisema, "Jamani, nimeoa popo," unamjibu, "Popo ndiye anayekunywesha chai, mzee."

Wataalamu waliandika vitabu, wewe ulisafisha vizimba, lakini jambo lenyewe ulilijua. Ulituambia mezani kwamba panya huzaliwa macho yamefumba, na hata likiwa limefumba jicho linatuma ishara ubongoni, linajizoeza. Nyuzi za macho mawili zinakwenda huko zikigombea nafasi. Linaloona linajitanua. Linalozibwa siku zile za mwanzo linapokonywa sehemu yake, na ukilizibua baadaye halirudishiwi.

"Kama wewe na kaka yako na kile kitanda chenu," uliniambia. "Ukijikunyata wiki nzima, mwenzako anajinyoosha mpaka ukutani. Halafu umwambie asogee, thubutu!" Kaka alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kisha nikajifungua. Mtoto akiwa na wiki nne ulimbeba hadi dirishani, ukamgeuza huku na huku. Mboni ya jicho lake la kushoto ilikuwa na weupe. Ukasema ni mtoto wa jicho, na lazima atolewe kabla ya wiki ya nane kwisha. Ulichukua kalamu nyekundu, ukazungushia tarehe kwenye kalenda ya jikoni na kuandika: JICHO.

Tulikutania. Nayasema haya hadharani kwa sababu sina pengine pa kuyapeleka. Mimi nilisema, "Mama, huyu ni mtoto, si panya wako." Mume wangu akaongeza, "Haraka haraka haina baraka, Mama. Tungoje apate nguvu kidogo."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," ulimjibu. "Kila mnyama anayenyonya, ubongo wake unajengwa hivyo hivyo. Panya, paka, huyu. Tofauti ni siku tu. Mkizembea, Jumatatu nampeleka mwenyewe."

Ulituacha Ijumaa. Mtoto alikuwa na wiki tano.

Tulikulilia sana, Mama. Baba alifunika cherehani zake zote. Mimi nilijifungia chumbani kwako, pazia limeshushwa, mtoto kifuani, sikutaka hata mwanga wa mlangoni. Siku ile ya kwanza kaka alitafuta karatasi kubwa ya kuandika majina ya watu wa kupigiwa simu. Akaitungua kalenda, akaandika nyuma yake, akaibandika mlangoni. Duara lako likabaki upande wa ndani. Orodha ilikaa pale miezi, kwa sababu jina lako liliandikwa juu kabisa, kama kichwa chake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibandua.

Baba ndiye aliyeibandua, mtoto akiwa na miezi saba. Aliigeuza, akakaa chini sakafuni.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa hospitali. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho sasa ni safi, linang'aa, wageni wanalisifia. Daktari alitueleza kwamba shida haiko tena kwenye jicho, ila ubongo umeshazoea kuishi bila hilo moja. Aliongea polepole, akidhani ni habari ngeni kwetu. Kaka alisema, "Kitanda," akainuka, akatoka nje. Daktari aliniangalia, nikamwomba aendelee.

Siku hizi tunaliziba jicho la kulia, lililo zima, saa kadhaa kila siku, ili lile la kushoto lilazimike kufanya kazi. Mtoto analia. Ameanza kutembea, na akizibwa anapapasa ukuta kama wewe kwenye chumba chako, ila wewe ulijua kilipo kila kitu. Nilimuuliza daktari kama kuna tumaini. Alipanga karatasi zake upya, akasema tuendelee tu. Tunaendelea. Ile methali ya majuto kuwa mjukuu, hakuna anayethubutu kuitamka humu ndani.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani, anayewasha taa zote za nyumba jua likizama na kutukataza kuzizima. Na mwanao wa kwanza, dereva, ambaye mpaka leo haandiki kitu kwenye karatasi bila kuigeuza kwanza. Na mkweo, aliyeacha kutoa methali. Na wenzako wa maabara, walioniletea viatu vyako vya kazi na kusema panya wapya hawatulii kwa mtu mwingine. Na mimi, kitinda mimba wako.

Mjukuu wako hakukumbuki. Picha yako tumeitundika kulia kwa kitanda chake, upande anaouona.

Tutakukumbuka siku zote, Mama. Laiti wiki zile tatu tungekukumbuka kidogo, badala ya kukulilia tu.