Krismasi Karibu na Simu ya Salum

Jumatatu, 31 Oktoba 1983

Nimefungua duka. Nimefagia, nimepanga makarai, nimetundika kamba za katani mlangoni. Rafu za juu hazina kitu tangu msako wa walanguzi. Baba mdogo amezijaza makopo matupu ya rangi ili wateja wasikate tamaa. Wanakata tamaa vilevile.

Mchana imepita ndege juu ya soko, inashuka. Injini mbili, nimeijua kwa mlio. Mteja alikuwa anauliza bei ya kamba, nikamsahau palepale. Baba mdogo akanikoholea kutoka ndani. Mtaa mzima unaniita Rubani. Mwanzoni ilikuwa heshima, sasa ni kama mtu mfupi kuitwa Twiga.

Nimerudi kutoka Addis tangu Machi, na leseni kamili ya kurusha ndege kwa kazi. Sijagusa usukani hata siku moja. Shirika halina nafasi, ndege nyingine hazina vipuri, nyingine hazina mafuta. Cheti changu cha afya kinakwisha Januari. Kupimwa tena ni juu yangu mwenyewe, na mshahara wangu hapa ni kula na kulala. Rubani asiye na cheti ni muuza kamba tu.

Jumamosi, 12 Novemba

Leo nimekwenda uwanja wa ndege bila kumuaga baba mdogo. Nimeonana na Kapteni Kimario, yule anayesimamia vindege vya kunyunyizia dawa ya kuua kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, mashambani. Mtu mzima, mtulivu, viatu vinang'aa. Rubani wake mmoja anaondoka mwisho wa mwaka. Kiti kitakuwa wazi.

Alitazama leseni yangu kidogo tu. Akauliza mimi ni wa wapi. Nikasema Kibosho. Kibosho wapi? Nikamwambia. Baba yupo? Hayupo. Mama? Yupo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeifahamu njia. Yeye ni wa hukohuko mlimani, kijiji cha jirani. Nikaona ni adabu tu za mtu mzima.

Nimempa namba ya simu ya Salum, mwenye mgahawa ng'ambo ya duka letu. Akaiandika kwenye pakiti ya sigara. Akasema, "Kaa tayari, bwana mdogo. Mwisho wa mwaka nitakutafuta."

Nimerudi kwa miguu hadi Buguruni bila kuhisi jua, kisha basi hadi dukani Kariakoo. Baba mdogo kaninunia. Anune.

Alhamisi, 17 Novemba

Msako wa nguvu kazi umefika mtaa wetu. Mgambo wawili mbele, wawili nyuma, lori limesimama kona ya sokoni. Asiye na kitambulisho cha kazi anapanda, anapelekwa kulima. Wamemchukua muuza miwani na yule kijana wa karanga. Nilikuwa msalani. Nilikaa humo mpaka nikazoea harufu.

Jioni baba mdogo kanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Wameniandikisha. Kazi yangu sasa ni msaidizi wa duka, ina picha na muhuri. Nilitaka kusema niandikwe rubani. Balozi akauliza ndege yangu naiegesha wapi.

Naona aibu. Pia naona hasira kwa baba mdogo, na sina sababu, maana kaniokoa. Hasira ipo tu.

Jumatatu, 28 Novemba

Festo kaja kuaga. Tulisoma naye urubani Addis, kitanda chake kilikuwa pembeni ya changu. Yeye ni wa Marangu. Alikuwa anauza mitumba Ilala, sasa kachoka kukimbizana na mgambo. Anarudi nyumbani kulisha ng'ombe wa mama yake hadi mwakani. Nilimwambia ndege haziruki migombani. Akacheka. Kasema hata hivyo Krismasi haijamkuta mjini tangu azaliwe, ukiondoa miaka ile ya Addis.

Sikumwambia habari za Kapteni. Kiti ni kimoja.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Namdharau kidogo. Mtu kasomeshwa na nchi nzima halafu anarudi kukata majani ya ng'ombe. Mimi nitabaki hapa, na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na kamba za katani, lakini karibu na simu.

Jumatano, 14 Desemba

Tumegombana na baba mdogo. Kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Duka linafungwa Jumamosi. Yeye, mama mdogo na watoto wanapanda Kibosho, kama kila mwaka, kama kila Mchagga mwenye nauli na hata asiye nayo. Tiketi yangu kaikata bila kuniuliza. Nimesema siendi. Mama mdogo akaacha kukuna nazi.

Nimeeleza. Simu inaweza kulia siku yoyote kuanzia sasa. Kapteni kasema mwisho wa mwaka. Nikiwa mgombani nani atapokea?

Baba mdogo hakupiga kelele tena. Akasema pole pole, "Bibi yako atachinja. Atagawa nyama kwa majina. Jina lako likiitwa, nani aitike?"

Nikamjibu kwamba nyama haina mabawa. Jibu la kijinga. Lakini sikulirudisha.

Jumamosi, 17 Desemba

Wameondoka alfajiri. Maboksi, majamvi, sabuni ya mama iliyofichwa ndani ya sufuria, watoto wamevaa sweta kabla hata ya kutoka Dar. Baba mdogo kaniachia funguo na onyo. Kitambulisho changu kinasema msaidizi wa duka. Duka likiwa limefungwa, mgambo wataniuliza namsaidia nani. Nisizurure.

Kwa hiyo nimefungiwa. Nimejifungia mwenyewe, kwa kweli, na kufuli ni la ndani.

Jumanne, 20 Desemba

Kariakoo imepungua watu. Maduka ya watu wa kwetu yote milango chini. Mtaa wetu una mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nakaa ndani gizani. Joto la Desemba, mabati juu, panya chini. Natazama mgahawa wa Salum kupitia tundu la mlango. Simu ipo juu ya kaunta, ina kufuli ili wateja wasipige. Ila ikilia inapokewa.

Nimefanya mazoezi kichwani. Washa, angalia mafuta, angalia upepo, ruka. Nimekaa juu ya robota la kamba, miguu ikikanyaga pedali ambazo hazipo. Kama mtu angenichungulia angeita wazee wa kupunga pepo.

Jumatano, 21 Desemba

Nimeshindwa. Asubuhi nilivuka kwenda kwa Salum kunywa chai, nikae karibu na simu. Mgambo wakaingia nyuma yangu.

Kitambulisho nikatoa. Duka lipi? Lile. Limefungwa. Ndiyo, mwenyewe kasafiri. Basi wewe ndugu unafanya nini hapa saa nne asubuhi? Nikasema ukweli, kwamba mimi ni rubani nasubiri simu. Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Wakaninyanyua kwa mkanda wa suruali.

Salum hakuinua hata macho kutoka kwenye sambusa zake. "Mwacheni huyo. Ananioshea vyombo mpaka mwenye duka arudi. Deo, vikombe vile vinakungoja."

Nikaenda kuosha vikombe. Wakanitazama mpaka nimemaliza vyote, wakanywa chai, wakaondoka. Salum akasema nikitaka nibaki, chakula kipo, ila uongo wake lazima niufanye uwe kweli. Ndiyo hivyo. Rubani, msaidizi wa duka, muosha vyombo. Nashuka vizuri sana, bila mtikisiko.

Jumamosi, 24 Desemba

Simu imelia mara mbili. Ya kwanza dada yake Salum, kutoka Tanga. Ya pili mtu kakosea namba. Nilidondosha sahani kwa mbio.

Jioni kaniuliza kwa nini sikwenda kwetu. Yeye ni mtu wa hapahapa, babu zake wamezikwa Kisutu, hajui habari ya kupanda mlima kila mwaka. Nikamweleza. Akafikiri, akasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilimwambia mimi sirejei, mimi nataka kupaa. Akasema hata ndege hulala kiotani, akaendelea kufuta meza.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Misa ya kwanza, kisha mbio kwa Salum. Jumapili magari hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane, mtaa umekuwa kimya kama shule wakati wa likizo.

Sasa hivi kule bibi anasimama na kisu. Anaita majina. Nimeisikia sauti yake kabisa. Nimelia kidogo juu ya beseni la vyombo. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Simu haikulia.

Alhamisi, 29 Desemba

Haikulia.

Nimemwomba Salum afungue kufuli, nimepiga uwanja wa ndege. Mlinzi kapokea. Kapteni hayupo. Lini atarudi? Hajui. Nikauliza kaenda wapi. Mlinzi akashangaa swali. "Si kaenda kwao Krismasi, ndugu. Yule ni Mchagga."

Nimekaa chini. Salum kaniletea maji.

Ijumaa, 30 Desemba

Najiliwaza. Na yeye binadamu, ana mama. Atarudi, atapiga. Pakiti ya sigara anayo.

Pakiti ya sigara. Nani anatunza pakiti ya sigara?

Alhamisi, 5 Januari 1984

Wamerudi. Wameleta ndizi, magimbi na baridi yote ya mlimani kwenye nguo zao. Baba mdogo hakuniambia kitu mpaka watoto wamelala. Nikajua kuna msiba. Nikauliza kama ni bibi. Akasema bibi mzima.

Kapteni Kimario alikuja. Siku ya pili ya Krismasi, kwa miguu, na suti na mwavuli, akashuka kihamba hadi kihamba, katikati ya migomba ya watu, akiuliza nyumba ya mama yangu. Kwake hakukuwa na haja ya simu. Mchagga unamtafuta wapi siku hiyo kama si kwa mama yake? Akakaribishwa, akapewa pombe ya mbege na ubavu wa nyama. Akasema amekuja kumchukua kijana. Ndege inaondoka Arusha tarehe mbili kwenda Dodoma, kwelea kwelea wameingia kwenye mtama.

Mama akasema sikuja. Baba mdogo akamweleza kwamba nimebaki Dar kwa ajili yake. Kapteni akasema anasikitika, lakini siku ni chache na simu za huko zina wiki haziongei. Akauliza kama kuna kijana mwingine mwenye leseni karibu. Mtu akataja Marangu.

Festo yuko Dodoma sasa. Kwenye kiti changu.

Baba mdogo angeweza kusema nilikwambia. Nilikaa nikiingoja hiyo sentensi. Akafungua kikapu, akatoa kifurushi cha majani ya mgomba. Nyama, imekaushwa juu ya moshi. Bibi aliita jina langu, na aliyeitika ni baba mdogo.

Ijumaa, 6 Januari

Nimefungua duka. Imepita ndege. Sikutoka nje.

Namchukia Festo. Hapana, simchukii. Alikuwa nyumbani na mimi sikuwepo. Najichukia mimi, tena sana.

Jumatatu, 9 Januari

Asubuhi baba mdogo hakufungua. Kavaa suti ya kanisani. Kaniambia nivae shati safi, nichukue leseni. Tumekwenda kwa yule daktari wa marubani karibu na Kivukoni.

Nimepimwa macho, masikio, moyo. Nimesoma herufi zote hadi mstari wa mwisho. Daktari akaniuliza nimerusha lini mara ya mwisho. Nikasema Februari iliyopita. Akaandika. Nilipotoka baba mdogo alikuwa mbele ya dirisha la malipo, anafunga pochi yake. Amekosea kifungo cha koti, upande mmoja juu, mwingine chini. Sikumwambia.

Cheti kipya mfukoni. Tumerudi kwa miguu. Karibu na mnara wa saa akasema Kapteni huwa hakosi nyumbani, miaka yote. Nikasema nimesikia. Akasema Krismasi ijayo tiketi nikate mwenyewe.

Tumefungua duka saa sita. Mama mmoja alikuwa mlangoni anasubiri kamba ya kuanikia nguo. Nikampimia.