Barua Iliyokaa Mfukoni mwa Chenge

Mkolani,
S.L.P. 1147,
Mwanza.
15 Agosti, 1993.

Mpendwa Mama Mdogo Getruda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mpanda umeamka vizuri, na kwamba ule mguu wa kushoto umeacha kukutesa. Mdogo wangu Nkwabi aliniambia safari ile ya kuja kwa mama ulishuka kwenye treni umevimba hadi kiatu kikakataa kuingia. Je, Baba Mdogo Ngosha bado yuko reli, au na yeye wamempunguza kama walivyotupunguza sisi wa kiwanda cha nguo? Winnie anaendeleaje na masomo? Mwambie asiache hesabu, hata kama mwalimu ni mkali.

Huku sisi tu wazima. Mahindi tumepata ya kutosha, pamba bei yake ni ile ile ya kukatisha tamaa, na kwetu Buhongwa siku hizi kila nyumba ina kibanda cha mitumba mbele yake. Nkwabi ameezeka upande ule uliokuwa unavuja. Kaburi la mama tumelisakafia mwezi wa sita, na maua uliyoyapanda yameshika.

Najua hii ni barua ya tatu, na mbili za kwanza hukuzijibu. Sikulaumu. Naomba tu hii uisome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umesimama mlangoni.

Nianze na Chenge. Nimemlipiza, Mama Mdogo. Nimemlipiza mchana kweupe, mbele ya Buhongwa nzima, na sijutii hata kidogo.

Chenge unamkumbuka. Ni yule aliyekuja msibani na rambirambi za kikundi chetu cha maigizo, tumbo mbele, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati kama karani wa mahakama. Kikundi kile tulikianzisha watu saba baada ya kiwanda kutufukuza, na Chenge tukamfanya kiongozi kwa sababu alijua kuongea na wafadhili. Tulizunguka nacho Sengerema, Magu na Ukerewe. Tulilala madarasani juu ya madawati, tukaoga ziwani kwa zamu, tukala dagaa mchana na usiku mpaka jasho letu likanuka dagaa. Mimi nilikuwa Bibi Masalu, yule bibi mkaidi anayekataa kuchemsha maji. Nilijipaka majivu kichwani, nikajifunga gunia mgongoni liwe kibyongo, na nilipotokea tu watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa naipenda kazi ile, sikufichi. Na Chenge alijua kwamba bila Bibi Masalu hana mchezo.

Sasa sikiliza alichonifanyia. Haya mimi mwenyewe niliyajua Mei mwaka huu, miezi saba baada ya msiba.

Alhamisi ile ya tarehe 8 Oktoba tulikuwa Bukindo, Ukerewe. Wafadhili walikuwa waje kututazama saa kumi, na kesho yake tena katika kijiji cha pili. Saa saba mchana ikafika barua ya Nkwabi, imekuja na meli ya asubuhi, jina langu juu yake. Aliyeipokea ni Paulo, mwigizaji mwenzetu, naye akampa Chenge kwa kuwa ndiye mkubwa wa msafara. Chenge akaifungua, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa suruali. Meli ilikuwa inarudi Mwanza saa tisa. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa najipaka majivu, sina habari. Jioni nikacheza, wafadhili wakapiga makofi mpaka wakasimama.

Ijumaa saa nane mchana ninyi mlikuwa mnamfukia mama. Saa nane hiyo hiyo mimi nilikuwa kwenye kijiji cha pili, na gunia langu mgongoni, nachekesha watu.

Jioni ile ndipo Chenge akaniita pembeni. Akasema mfanyakazi wa meli ameleta habari sasa hivi kwamba mama yangu amefariki. Akanishika bega, akanipa pole, na mimi mjinga nikamshukuru. Jumamosi nilifika nikakuta udongo mbichi. Jumapili jioni nilikunyooshea mkono, ukauficha wako ndani ya kitenge. Nilidhani ni uchungu tu.

Kumbe mchana wa Jumapili hiyo, mlipomwuliza Chenge kwa nini nimechelewa, alikwisha kuwajibu. Aliwaambia kwamba barua niliipata Alhamisi, nikaisoma, nikasema kazi kwanza. Alisema hivyo huku anakula ugali wetu wa msiba! Mimi nilikuwa jikoni nachota maji, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Hapo, Mama Mdogo, nitakulaumu kidogo.

Aliyenifumbua macho ni Kashindye, mpiga ngoma wetu. Alikosana na Chenge Mei, akaacha kikundi, akaja hapa kwangu kunieleza yote. Siku ile Bukindo alikuwa anakaza ngozi ya ngoma yake, akaona bahasha kwa macho yake. Nilikwenda moja kwa moja kwa Nkwabi kumwuliza kama kweli aliandika. Alisema ndiyo, akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nilimweleza kwamba barua sikuiona. Aliniamini, lakini hakutaka kulizungumza zaidi, na ndugu wengine walisema natafuta pa kujificha.

Ningeweza kwenda kumtukana Chenge nyumbani kwake. Ningeweza kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniomba radhi kwenye kiti, yakaisha. Sikutaka yaishe. Nilitaka aliposemea uongo ndipo uongo umrudie, mbele ya masikio yale yale.

Unajua Bagika na Bagalu wanavyofanya baada ya mavuno. Vyama viwili vya ngoma, uwanja mmoja, wakati mmoja, na waamuzi ni watu wenyewe kwa miguu yao. Atakayekimbiwa na watazamaji ameshindwa, na atakayekataa mwaliko ameshindwa mara mbili. Marehemu baba alikuwa Mgalu, nami nilikua nikimwona akienda na kurudi. Sijasikia waigizaji wa michezo wakishindana hivyo, lakini hakuna aliyekataza. Nikawakusanya Kashindye na wenzangu wanne wa kiwandani, tukafanya mazoezi wiki saba kwenye nyumba isiyo na paa hapa Mkolani. Kisha nikamtumia Chenge ujumbe kupitia kwa mwenyekiti wa Buhongwa: Jumamosi tarehe 24 Julai, saa tisa, uwanja wa kando ya barabara ya Shinyanga, wewe upande wa magharibi na mimi wa mashariki. Baba yake ni Mgika mashuhuri wa Magu. Angekataaje?

Alikuja na jenereta na spika mbili za wafadhili. Nilisikia pia alipitia kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Hata mimi nilishauriwa niende, nikasema dawa yangu ninayo tayari.

Mwanzoni alinipiga vibaya. Watu wote walimfuata yeye na spika zake. Upande wangu nilikuwa na watoto kama ishirini, mzee mmoja aliyekuwa amelala, na mbuzi. Kashindye akanitazama kama anayetaka kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikamwambia apige, na mimi nikatoka.

Sikutoka kama Bibi Masalu. Nilitoka kama Chenge. Nilivaa suruali, mto tumboni, kalamu mbili kifuani, mkono mmoja mfukoni. Nilitembea anavyotembea, nikakohoa anavyokohoa kabla ya kuongea na wageni, nikawaambia watoto kwamba mimi ndimi mkubwa wa msafara. Watoto wakapiga yowe la furaha. Watu wazima wa upande wa pili wakageuza shingo, kisha mabega, kisha miguu. Ilichukua nusu saa. Walikuja wanawake kwanza, wamebeba viti vyao, halafu wanaume wakijifanya wanapita tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mtu analetewa barua ya mwenzake, anaitia mfukoni. Mwenye barua anapita akiuliza kama kuna habari kutoka nyumbani. Mtu yule anasema hakuna. Anapokaa, barua inamchoma. Anapotaka kulala, inachungulia. Anapotoa leso kupangusa jasho, inayotoka ni barua. Watu walicheka mpaka wakashikana. Halafu nikatamka siku: Alhamisi. Nikatamka mahali: Bukindo. Kicheko kikaanza kupungua, kikianzia kwa wanawake waliolala matanga nasi.

Bibi Selina, jirani wa mama, akainuka na fimbo yake katikati ya mchezo.

"Justa, mwanangu, hayo unayocheza ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama," nikamwambia, na mto wangu tumboni. "Mwenyewe yule pale. Mwulizeni."

Uwanja mzima ukageuka. Chenge alikuwa amebaki na waigizaji wake, jenereta linanguruma bure. Akakohoa kwenye kipaza sauti kile kikohozi chake, na watu wakacheka kwa sababu walikuwa wametoka kukisikia kwangu. Akasema ati hayo ni maigizo tu, wananchi wasipotoshwe. Hapo Paulo akamnyang'anya kipaza sauti. Sikumtuma, Mama Mdogo, naapa. Akasema hivi: "Barua niliipokea mimi. Nilimpa Chenge saa saba ya Alhamisi. Justa hakuiona." Spika za wafadhili zikalitangaza mpaka ng'ambo ya barabara.

Chenge alinywea. Alitoka jasho jembamba, akawa anatafuta pa kupitia, na hakuna aliyempisha haraka. Mimi nilisimama nikamtazama mpaka akapotea, na roho ilinisuuzika. Sitasema uongo kwamba nilimwonea huruma. Bibi Selina alikuja akanishika mkono hadharani, na baada yake wakaja wale wote walioninunia miezi kumi.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna la Jumapili iliyopita.

Chenge alikuja nyumbani kwa Nkwabi na wazee wawili na mbuzi, kuomba msamaha. Alizungumza vizuri, akalia kidogo. Wafadhili wamemwacha, kikundi kimebaki yeye na jenereta. Wazee walisema nimekwisha kushinda, nimwache. Nkwabi alikuwa ananikonyeza nikubali, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshalegea. Nilikuwa nafikiria mbuzi yule tumfunge wapi.

Kisha Chenge akatoa ile barua, akaiweka mezani, akasema anarudisha kisicho chake. Nkwabi aliruka kuichukua. Niliiwahi mimi. Ni ukurasa mmoja, mwandiko wa haraka. Nakuandikia yote:

"Dada Justa, mama yu hai ila hali ni mbaya. Tangu jana anakuita wewe tu. Panda meli ya leo, utamkuta."

Mimi miezi yote hii nilidhani ni barua ya kifo, maana hakuna aliyekuwa amenieleza mama alikata roho saa ngapi. Nilidhani nilichonyang'anywa ni maziko. Nkwabi alijua, akanificha ili nisiumie, na sijui nimshukuru au nimpige. Na wewe Mama Mdogo ulijua, ulikuwa umekaa naye kitandani ukimsikia akiniita, halafu ukaambiwa kwamba nimesoma maneno haya nikasema kazi kwanza. Sasa nimeelewa kwa nini hukunipa mkono. Ningekuwa wewe, ningenitemea mate.

Mbuzi nilimrudisha. Wazee niliwachemshia chai, wakainywa haraka wakaondoka. Chenge nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba kila atakaposimama kuigiza kwenye nchi hii, mimi nitakuwa upande wa pili wa uwanja. Nasikia amekusanya watu wapya na atacheza Magu, kwao, tarehe 28 mwezi huu. Ujumbe nimekwisha kupeleka kwa mwenyekiti wa kule. Lori tumeshalipata, na safari hii nitaisoma barua yenyewe kwa sauti, mbele ya baba yake.

Padre ameniambia niache. Nawe ukitaka kuniambia hivyo, niambie, lakini sikuahidi kitu.

Nisalimie sana Baba Mdogo Ngosha, na Winnie, na mama mkwe wako kama bado yuko hapo. Nkwabi anakuamkia, na Bibi Selina anasema ukija umletee asali ya huko. Kashindye pia anakusalimu ingawa hamjuani.

Jambo moja tu naomba unijibu, hata kwa mstari mmoja. Meli ya saa tisa ingenifikisha Buhongwa saa moja na nusu usiku. Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Niambie mama aliacha kuniita saa ngapi.

Mungu akulinde, akuponye mguu, na akulainishie moyo kwangu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata usiponijibu,

Justa