Majani Aliyoyatamani Mama

Jumatatu, 4 Machi
Leo maabara ni vicheko! Yale majani manene ya jangwani, ambayo watu huwaachia mbuzi, yametutoa kimasomaso. Nimedondosha maji yake kwenye dawa ya zambarau — ikageuka njano papo hapo. Yamejaa antioksidanti, zile kemikali zinazokinga chembe za mwili zisichakae. Profesa kanipa mkono.
Jioni nikamsimulia Mama. Amekulia huko jangwani, aliyala utotoni.
"Basi niletee," kasema. "Aliyechakaa si mimi?"
Tumecheka mpaka akakohoa. Kisha nikakumbuka figo zake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuliza daktari wa figo. Hakuniacha hata nimalize. Yana potasiamu nyingi mno. Mwenye figo nzima ale ashibe, lakini Mama yanaweza kumsimamisha moyo. Asionje.
Nimeshindwa kumwambia. Nimesema msimu wake umepita. Kumdanganya mtu wa kule!
"Msimu wake ndio huu, mwanangu." Akageukia ukutani.

Jumatano, 13 Machi
Akitoka kusafishwa damu hawezi hata kukaa. Hali kitu. Uji anaugusa kwa midomo, anarudisha kikombe. Anataja majani tu.
Kaka kanijia juu: unayasifu kutwa kucha, halafu mama yako mzazi unamnyima! Roho gani hiyo? Nimemweleza habari ya potasiamu mpaka koo likakauka. Kaubamiza mlango. Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia.

Jumamosi, 16 Machi
Daktari kaniita kando. Moyo wa Mama hauhimili tena mashine. Wanaacha kumsafisha damu.
Nikauliza — sijui kwa nini hilo kwanza — na chakula je?
Akatazama viatu vyake. "Mpeni chochote anachotamani."
Chochote! Kwa mara ya kwanza ruhusa imenikata maini.
Kaka alikuwa anasubiri nje. Nikaanzia pasipofaa: daktari karuhusu majani. Hakungoja lililobaki. Kanikumbatia, kaniomba radhi, huyo, kaenda kuyatafuta.

Jumapili, 17 Machi
Kaka kapika mwenyewe, aproni yangu kiunoni. Mama kala bakuli zima! Kalamba vidole. Lakini kalalamika yameiva kupita kiasi; yeye na dada yake waliyatafuna mabichi, na mchanga wake.
Kaka anacheka kama mtoto. Eti wiki ijayo huyu anatembea! Kachukua bakuli, kaenda jikoni anapiga mluzi.
Mama kanishika mkono chini ya shuka.
"Wamenichoka hospitali, sio?"
Kaniminya vidole.
"Nilijua mlipoyaleta. Mwache kwanza. Siku nyingi sijamsikia akipiga mluzi."
Kafumba macho, lakini hajalala. Naandika hapa pembeni yake, nipate pa kuangalia.
Kaka anaita kutoka jikoni. Anataka kujua kama daktari kaweka kipimo, au tuendelee tu kumpa kila siku. Anaita tena. Mluzi umekatika. Nasikia ndala zake zinakuja —