Udongo Niliowekewa

Mama,

Nimeketi kwenye kitanda chako hapa Makongeni. Baba ameenda shifti ya jioni. Mkebe uko juu ya kabati, umefungwa kwa kile kitambaa chako cha kijani, na sijaufungua. Kila Tata Njeri, dada yako, anapokuja kutoka Ruiru huniuliza kama niko tayari. Namwambia bado.

Lakini kuna salamu zako nilizokuja nazo, na bado sijakufikishia.

Unakumbuka ulivyocheka nilipokuambia naenda Uhispania kujitolea, kukaa kambini na watu wazima wa huko na kuongea nao Kiingereza kutoka chai ya asubuhi mpaka wakati wa kulala. Ulimwita Mama Auma wa mlango wa pili aje asikie. Akauliza, "Wazungu gani hao hawajui Kizungu?"

"Hao ndio wameagiza huyu wangu," ukamjibu.

Mlicheka mpaka ukashika ubavu. Sasa najua ubavu huo ulikuwa unauma.

Kambi ilikuwa kijijini, juu milimani. Mimi nilipewa mzee anayeitwa Julián, mwenye duka la viatu. Mwanzoni alikuwa akiogopa hata kuomba chumvi. Tulitembea naye kila siku, na kwa vile hakuwa na maneno mengi, nilikuwa nikiongea mimi, na niliongea juu yako.

Siku ya mwisho tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Ilikuwa Jumapili, kwa hivyo nilijua uko kwa Tata pale Membley, Ruiru, kama kila Jumapili, umekaa kando ya simu na viatu vya kanisani bado miguuni. Tata ndiye aliyeshika. Nyuma yake niliwasikia wanawake wakiimba wimbo wa kanisani, polepole. Aliniambia ni wamama wa ushirika. Nikakuulizia.

"Hakuweza kuja leo," akasema. "Maliza kazi ya watu, uje."

Nikamaliza, Mama. Alasiri hiyo kila mtu alisimama kusema habari za mtu mmoja anayemngojea kwao. Nilisema juu ya mikono yako, ambayo hunukia mananasi ya kiwandani hata ukiwa kanisani. Niliwaambia swali la Mama Auma, wakacheka sana, Wahispania wote, mpaka wengine wakapiga meza. Kisha Julián akasimama bila kuitwa. Alitafuta maneno kwa muda mrefu. Alisema nikuambie asante kwa kuniazima kwao. Nililia kwa furaha mbele ya watu. Na wewe ulikuwa umezikwa Ngoliba tangu Alhamisi.

Tata alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Hakunileta Makongeni, alikata kona akaingia kwake, akanipikia chai, akangoja niimalize, ndipo akaniambia. Nilipoacha kupiga kelele alisema ni wewe uliyekataa niambiwe. Ulimshika mkono pale hospitalini ukamwambia, "Msimwambie. Akijua ataacha kazi ya watu katikati. Na msiniweke kwa friji nikimngoja."

Nyumbani waliniambia pia kwamba kaburini, watu wa nyumbani walipoitwa mmoja mmoja kutupa udongo, mchungaji aliita jina langu. Tata akainama, akachota, akatia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Akasema wangu huo, nitautia mwenyewe.

Nimekukasirikia, Mama. Sina mwingine wa kumwambia. Baba nikimwambia atavunjika. Anapika chai ya watu wengi kama zamani, halafu anaimwaga. Mama Auma hajafanya mzaha tangu nirudi. Wewe hukuwahi kuondoka kiwandani kabla ya king'ora, hata siku ile kisu kilipokukata kidole, na ukadhani mimi pia ni lazima niwe hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa maongezi. Matembezi na maongezi. Ningeiacha mara moja. Julián mwenyewe angenibebea sanduku mpaka kituo cha basi. Ulitaka kunipa zawadi, najua. Lakini ulinipa siku ya kucheka ambayo siwezi kuikumbuka bila kusikia wale wamama wakiimba.

Usiku huu nimeelewa kwa nini sifungui mkebe. Nikiutia ule udongo, nitakuwa nimekubali kwamba hukuningoja.

Baba anasema mvua imeshusha kaburi upande mmoja, linahitaji udongo. Basi nitakuja Jumamosi, Mama. Nimeshamtumia Tata ujumbe. Siahidi kwamba hasira itakuwa imeisha; nitakuja nayo. Nitakupa salamu za Julián kwa sauti, kwa Kiingereza chake kile kile cha kutafuta maneno, ucheke kama utaweza.

Lala salama. Kazi ya watu niliimaliza. Imebaki hii yetu, na hii siiachi katikati.

Wako,
Wambui